Mkono wa Kushoto wa Nyemo

Siku moja haijawahi kunitoka, mwanangu, na leo nimeamua kukugawia. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimesimama ndani ya nyumba ya mama yangu na brashi mkononi, rangi imenijaa mpaka kwenye nyusi, nikijiona nimefika. Mama aliingia akitoka mashineni, ndoo ya unga wa uwele kichwani. Akautazama ukuta. Hakupiga kelele wala hakunikemea. Aliuliza jambo moja tu.

"Udongo uliokuwa hapa umeupeleka wapi?"

Nitafika huko. Usinikimbize, miguu yangu ni mibaya na maneno yangu ni mengi, unanijua.

Kwanza nikuambie kwa nini nakusimulia haya. Juzi ulinitumia kwenye simu picha uliyomchora bibi yako, mama yangu mimi, ile unayotaka kuipeleka kwenye maonyesho ya chuo. Ukaandika, "Shikamoo shangazi, naomba maoni yako na usinionee huruma." Nimekaa nayo siku tatu hapa Miyuji. Nimeiangalia asubuhi nikinywa chai, nimeiangalia mchana nikiwa nimeacha kazi zangu zinakauka uani. Una mkono, Sechelela, sikudanganyi. Kitambaa cha kichwani umekipatia kuliko ambavyo ningekipatia mimi. Lakini bibi yako umembebesha chungu, umemvisha shanga tabaka tatu, na nyuma yake umeweka jua jekundu linazama. Halafu chini ukaandika kwamba tembe la bibi likibomolewa wiki ijayo si neno, kwa kuwa umeshalipiga picha na utalichora baadaye ukipata nafasi. Hapo ndipo nilipoiweka simu mezani nikatoka nje kupunga upepo.

Maana na mimi nilikichora chungu hicho hicho, mwanangu. Shingo hiyo hiyo ndefu. Hata jua lilikuwa lako.

Nyumba yetu unaijua, ila umeijua ikiwa imeshazeeka. Tembe lile la kijijini, kule upande wa Chamwino, lilijengwa na babu yako na ndugu zake: wanaume walikata miti, wakasimamisha nguzo, wakalaza paa la udongo. Wakishamaliza hapo walinawa mikono wakaenda zao. Kuta zilikuwa za wanawake. Kila mwaka baada ya mavuno, upepo wa kiangazi unapoanza kutupulizia vumbi, wanawake walichimba udongo wa kichuguu, wakauchanganya na samadi ya ng'ombe na majivu, wakakandika upya kila mahali mvua ilipokula. Na ile tabaka ya mwisho, ikiwa bado mbichi, kila mmoja aliipitishia vidole vyake. Mama alipitisha vidole vinne vimenyooka, kama anayechana nywele. Jirani yetu wa upande wa zizi yeye alizungusha. Ukiingia nyumba ya mtu ulijua aliyekandika kabla hujapewa kigoda.

Watu wa maonyesho wanapokuja hapa kwangu huniuliza nilianza kujifunza kuchora wapi, na mimi huwatajia karakana ya Kizota, kwa sababu wanapenda kusikia jina la mahali. Ukweli ni kwamba nilijifunza nikiwa nimebebwa mgongoni.

Nilikuwa na dada, Nyemo. Wewe jina lake umelisikia kwenye sala za familia tu, kisha watu wanasema amina na kuendelea na chakula. Alinipita miaka minne. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili nikapelekwa shule ya bweni, mbali, na mwaka uliofuata homa ikamchukua Nyemo kwa wiki moja. Barua ilinifikia ameshazikwa. Niliporudi likizo nilikuta kitanda chake amelalia mwingine, na nyumbani hakuna aliyemtaja. Kwetu marehemu hatajwi ovyo, na mimi sikuuliza. Nilidhani kutouliza ndiyo adabu. Picha yake haikuwepo hata moja, maana mwenye kamera angetoka wapi?

Nikamaliza shule, nikapata kazi Kizota, karakana ya kuandika majina kwenye malori na mabango ya maduka. Fundi wangu alikuwa mtu wa sheria moja: kabla ya kupaka, kwangua. Rangi ikipakwa juu ya uchafu au kitu kinachobanduka, na yenyewe itabanduka, na mteja atarudi na maneno. Nilikwangua milango, nikakwangua mabati, nikakwangua ubavu wa malori mpaka viganja vikaota sugu. Na kila nilipopata kipande cha ubao kilichobaki nilichora wanawake. Wenye shingo ndefu, wenye mitungi, wanaotazama mbali. Nilikuwa nimeondoka nyumbani mdogo, na nyumbani kule kichwani mwangu kulizidi kupendeza kila mwaka. Vumbi liliondoka. Nzi waliondoka. Mama akawa mwembamba na mrefu. Wateja walizisifu zile picha na mimi nikavimba kichwa.

Basi mwaka ule nikaomba ruhusa ya wiki mbili niende nyumbani. Nikabeba makopo ya rangi ya mafuta yaliyobaki karakana, nyekundu, nyeupe na bluu, nimfanyie mama yangu zawadi. Nilitaka akiamka ajione ukutani alivyokuwa msichana.

Nilikuta kuta zote zimekandikwa mwaka huo, safi, zinanukia majivu. Isipokuwa sehemu moja, pembeni ya mlango wa chumba cha ndani, usawa wa kifua, upana wake kama khanga iliyokunjwa. Pale udongo ulikuwa wa zamani, wa kijivu, umepasuka, kona moja imeshadondoka. Ukandikaji mpya ulikuwa umeizunguka sehemu ile na kuiacha. Nikamhurumia mama. Nikasema moyoni, mama amezeeka, hapa alichoka akapaacha. Nilisubiri aende mashineni kusaga, nikachukua mwiko, nikafanya kama nilivyofundishwa.

Ulibanduka kirahisi sana, mwanangu. Ulidondoka kwa mabamba, mengine makubwa kama kiganja. Nikafagia, nikazoa, nikautupa kwenye lile shimo la njia ya ng'ombe. Kisha nikasawazisha ukuta, nikachora. Sikumbuki lini tena nimechora nikiwa na furaha vile.

Ndipo mama akaingia na ndoo yake, akauliza udongo uko wapi.

"Nimeutupa, mama, pale kwenye shimo la njiani. Ulikuwa umechakaa."

Alitua ndoo. Akatoa ungo uliokuwa umening'inia ukutani, akatoka. Nilidhani anakwenda kwa jirani. Nilipochungulia nikamwona amepiga magoti kwenye shimo, anachambua vipande kimoja kimoja na kuvilaza kwenye ungo, na ng'ombe walikuwa wameshapita mara moja. Nikamkimbilia.

"Mama, kuna nini?"

Alinijibu kwa Kigogo, nami nakupa kwa Kiswahili kwa sababu ninyi mliokulia mjini mnajua ile salamu ya mbukwenyi tu na hapo hapo Kigogo chenu kinaisha.

"Pale palikuwa na mkono wa dada yako."

Nyemo alitumia mkono wa kushoto. Mimi hilo nilikuwa nimelisahau. Shuleni walimchapa mpaka akajifunza kuandika kwa kulia, na mezani bibi yetu sisi alimkataza, lakini kwenye kukandika hakuna aliyemsumbua. Vidole vya wanawake wote wa nyumba ile viliinamia upande mmoja. Vya Nyemo viliinamia upande wa mlango, vitatu vitatu, vinapanda na kushuka. Sehemu ile aliikandika kiangazi cha mwisho kabla hajaugua. Mama hakuiacha kwa uchovu. Kila mwaka alikandika akaizunguka, miaka tisa, na kila alipoingia chumbani alipitisha kiganja chake pale bila kusema neno. Na mimi, binti yake niliyejipa kazi ya kukumbuka, niliukwangua kwa mwiko mchana kweupe.

Kisha nikapiga magoti na mimi nikaanza kuchambua, machozi na makamasi pamoja. Vingi vilikuwa vimeshakuwa vumbi. Nilipata kipande kimoja cha maana, chenye mistari miwili na nusu ya wa tatu, ikiinama kule ilikotakiwa kuinama. Nikakinyanyua haraka nimwonyeshe mama. Kikanivunjikia mkononi.

Hilo ndilo lililonitesa kuliko yote, hata leo. Kule kukwangua nilikuwa sijui, lakini kile kipande nilikivunja nikiwa ninajua.

Tuliporudi ndani mama alisimama mbele ya picha yangu, ungo umejaa udongo mkononi. Akaitazama kwa muda mrefu, kwa heshima kabisa.

"Huyu ni nani?"

"Ni wewe, mama. Zamani."

"Mimi?" Akaisogelea. "Shingo hii sikuwahi kuwa nayo. Na humu kwenye chungu mna nini?"

"Maji."

"Maji tulibeba kwa madebe, tena debe langu lilivuja, bega zima lilikuwa linalowa." Akakielekezea chungu kidole. "Huyu mwanamke hajachoka. Ametoka wapi na maji akiwa hajachoka?"

Hakusema kwa hasira, alikuwa anauliza kweli. Miaka arobaini nimechora wanawake, picha zangu zimevuka mipaka ambayo mimi sijaivuka, na sijapata mtu aliyezisoma kazi zangu vizuri kuliko mama yangu siku ile, mwanamke ambaye hakuwahi kuingia maonyesho hata moja.

Siku tatu zilizofuata alinipa chakula, alinijibu salamu, lakini hakunitazama machoni. Ningepigwa ningejua la kufanya. Nilifunga mizigo yangu nirudi Kizota kabla ruhusa haijaisha. Asubuhi ya siku ya nne, nikiwa nimeshavaa viatu, akaniita kutoka uani. Alikuwa ameloweka kwenye beseni udongo ule tuliouokota, akauongezea wa kichuguu, samadi na majivu, ameshaukanda. Ile picha tulikuwa tumeshaikwangua jana yake, kimya kimya, yeye upande wake na mimi upande wangu.

"Vua viatu. Lete mkono."

Nikampa wa kulia. Akaupiga kofi dogo.

"Mwingine."

Akanipaka udongo kwenye mkono wa kushoto, akanisimamisha mbele ya ukuta, akanishika kifundo cha mkono kwa nyuma. Akauongoza. Vidole vitatu, kupanda, kushuka, kuelekea mlangoni. Mkono wangu ulikuwa mzito, haujui kitu. Tulikosea, akafuta, tukaanza tena. Alikuwa amefumba macho, Sechelela. Miaka tisa alikuwa amepitisha kiganja pale kila siku, na sasa alikuwa anakitafuta alichokigusa. Mahali fulani katikati mkono wangu ukalegea, ukaacha kubisha, na nikahisi kwamba aliyekuwa amesimama pale sikuwa mimi peke yangu. Sijui niliseme vipi zaidi ya hivyo.

Tulipomaliza nikamuuliza, "Mama, ndivyo alivyokuwa anafanya?"

"Sina hakika," akasema. "Nimekaribia."

Tangu hapo kila kiangazi nilirudi kukandika sehemu ile kwa mkono wa kushoto. Nilirudi nikiwa na mimba, nilirudi nikiwa mjane. Na kazi zangu za turubai, ile mistari mitatu unayoiona pale chini upande wa kulia, ambayo wanunuzi wanaiita sahihi yangu na mwandishi mmoja aliwahi kuiita mawimbi ya ziwa, ni hiyo. Sijawahi kumsahihisha mtu. Leo nimekuambia wewe.

Msamaha mama hakuwahi kuutamka, na mimi sikuwahi kuuomba kwa maneno, nilikuwa naogopa. Mwaka wake wa mwisho macho yalikuwa yamekwisha. Nilimshika mkono nikampeleka chumbani, na kwa mazoea kiganja chake kikaenda ukutani. Kikapita pole pole. Akasema, "Hapa amepita Nyemo." Kikaendelea kidogo. "Na hapa umepita wewe." Kisha akaniomba maji ya kunywa, nami nikaenda kuyachota, nikachelewa kidogo huko jikoni kwa sababu ilibidi nilie kwanza.

Sasa nisikilize, mwanangu.

Sikukatazi kumchora bibi. Mchore. Wanawake wetu hawajachorwa vya kutosha, na wengi waliochorwa wamechorwa na watu ambao hawakuwahi kuwatwisha ndoo. Lakini ile hamu unayoisikia ukimkumbuka, ile inayokufanya uweke jua jekundu, ijue vizuri. Ni tamu, nami siichukii, imenilisha. Ila ni hamu yako wewe. Bibi yako mwenyewe alikuwa na mambo mengine. Alibeba debe, na baadaye ndoo ya plastiki ya kijani ambayo mpini wake ulikatika ukafungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa na bega moja lililoshuka. Alichoka. Ukimwondolea uchovu wake ili apendeze ukutani, unambandua kama nilivyombandua Nyemo, na utafanya hivyo kwa upendo, na upendo hautarudisha kitu.

Kabla hujakwangua mahali popote, uliza ni mkono wa nani. Hata pakiwa pameharibika. Hasa pakiwa pameharibika, maana mara nyingi mtu amepaacha hivyo makusudi. Uliza waliokuwepo, na uwaulize wakiwa bado wanaweza kukujibu. Mama yako yupo, anajua mambo ya bibi ambayo mimi siyajui, waliishi jiko moja miaka kumi. Mimi nipo. Usituonee haya, na usidhani kunyamaza kwetu ni mlango uliofungwa. Wengi wetu tunasubiri tu mtu abishe hodi.

Na kuhusu tembe. Baba yako ana haki ya kujenga nyumba ya tofali na bati, paa lile limeshakuwa hatari na watoto wanacheza chini yake. Sikumgombeza. Nimezungumza naye kama dada mtu, na baada ya kunung'unika kidogo amekubali jiko la nje la nyumba mpya lijengwe kwa udongo wa kuta zile zile. Kwa hiyo Jumamosi, kabla mafundi hawajaanza, nakwenda mwenyewe kuubandua ukuta wa Nyemo, taratibu, na safari hii ninajua ninachokishika. Tutauloweka kwenye beseni, mkono tuujaribu kwanza kwenye ukuta wa zamani, na jiko likisimama tuukandike hapo.

Lakini vidole vyangu vya kushoto vimekakamaa tangu masika. Daktari amevitazama, dawa nakunywa, ila kupanda na kushuka havifanyi tena. Nimejaribu kwenye turubai wiki nzima, inatoka mistari ya mtu mwingine. Kichwa kinajua, mkono haujui. Wajukuu wengine wa mama wako mbali, na wewe ndiye pekee uliyeomba kuambiwa ukweli.

Kwa hiyo njoo Jumamosi. Simu unaweza kuiacha chuoni. Vaa nguo ya kuchafuka, uje na mkono wako wa kushoto, nami nitakushika kifundo kwa nyuma kama nilivyoshikwa. Usiponiuliza kama ndivyo alivyokuwa anafanya, nitashangaa. Na ukiniuliza, nitakujibu kama nilivyojibiwa.

Mungu aliyempokea Nyemo na bibi yako akutunzie macho yako na subira yako, mwanangu. Akupe wa kuwauliza maisha yako yote, na siku moja akupe wa kumshika mkono.